Barua za Jamaa na Barua za Mali

Wazee wa pwani husema: "Waraka ni nusu ya kuonana." Sisi tulio mbali na pwani, huku juu milimani Masisi, twaliona neno hilo kuwa la kweli kila juma. Katekista wa Kibabi hafundishi katekisimu tu. Watu humletea bahasha wasizoweza kuzisoma, na karatasi nyeupe wasizoweza kuziandika. Ni kweli, simu za mkononi zimefika hata vijijini, na vijana huulizana hali kwa dakika moja. Lakini mtandao ukikatika, au njia ikifungwa kwa ajili ya vita, karatasi bado hupita, mfukoni mwa dereva wa pikipiki au chini ya magunia ya viazi. Tena, jambo likiwa la mali, yaani shamba, ng'ombe, mahari au deni, watu hawaiamini simu. Hutaka liandikwe.

Basi, wasomaji wapenzi, kwa kuwa barua nyingi za watu zimepita mikononi mwetu, twataka kusema nanyi habari za barua za namna moja, zile zinazochanganya jamaa na mali katika karatasi moja. Juu ni salamu kwa mama na watoto. Chini ni bei, deni na hesabu. Kuvichanganya si vibaya. Nyumba haiishi kwa salamu bila chakula, wala kwa chakula bila salamu. Lakini yafaa tuulize: katika barua kama hizo nani huandikwa jina lake, na nani huachwa nje?

Nguo iliyotoka Salem

Tuanze na neno wanalolijua wazee wetu. Kitambaa kigumu cha pamba kisichotiwa rangi kiliitwa merekani katika Afrika ya Mashariki yote, na hata huku Kongo. Jina lenyewe lasema kilikotoka. Kilifumwa hasa katika viwanda vya Massachusetts, mojawapo ya majimbo ya Marekani, kikapakiwa merikebuni katika bandari ya Salem, kikazunguka kusini mwa Afrika yote, kikafika Unguja baada ya miezi mitatu au zaidi. Mfereji wa Suez haukuwapo bado. Ulifunguliwa mwaka 1869.

Biashara hiyo ilikuwa na mapatano yake. Tarehe 21 Septemba 1833 Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alitia sahihi mapatano na Seyyid Said, mtawala wa Maskati na Unguja. Wamarekani wakapewa ruhusa ya kuuza na kununua, wakilipa ushuru wa tano kwa mia juu ya vitu walivyoshusha. Mwaka 1837 akafika Unguja konsuli wao wa kwanza, Richard Waters, mtu wa Salem, akakaa mpaka 1844. Konsuli huyo alikuwa mfanya biashara vilevile. Yeye na wenzake waliandikiana barua nyingi sana na matajiri wa kwao wenye merikebu. Barua hizo zilihifadhiwa, na mwaka 1965 wataalamu wawili, Norman Bennett na George Brooks, walichapa nyingi katika kitabu kimoja kikubwa.

Wenye barua hizo walikuwa watu waangalifu. Huandika bei ya pembe za ndovu, ya sandarusi, ya karafuu na ya ngozi. Huhesabu marobota ya merekani. Huonyana wasimfunulie mshindani habari za merikebu zao. Na kwa kuwa biashara ya Salem ilikuwa biashara ya watu wa mji mmoja, ndugu, wakwe na majirani, merikebu iliyoleta hesabu ndiyo iliyoleta na habari za nyumbani, za wagonjwa, za waliozaliwa na za waliokufa. Mtu alingoja miezi mingi ili ajue kama mama yake yu hai, na pengine katika mfuko uleule wa barua alipata habari kwamba bei ya pembe imeshuka.

Pembe hizo zilikuwa na njia yake. Nyingi zilikwenda Connecticut, katika miji ya Deep River na Ivoryton, zikapasuliwa vipande vyembamba vya kufunika vibao vya piano, vile vinavyoguswa kwa vidole. Lakini pembe haiota Unguja. Ilitoka bara, na miaka ilivyozidi kupita ilitoka mbali zaidi, mpaka Maniema, jirani zetu. Ilibebwa mabegani mwa watu. Tajiri wa Salem aliandika idadi ya frasila, na frasila moja ni kama kilo 16. Jina la aliyeibeba hakuliandika, maana hakulijua. Aliyemwuzia Unguja labda hakulijua naye. Kadiri barua ilivyokwenda mbali ndivyo mtu alivyogeuka kuwa uzito tu.

Tusiseme kwamba watu wale hawakuwa na dhamiri. Waters alikuwa Mprotestanti mwenye kusali sana. Katika kitabu chake cha siku aliandika jinsi alivyosikitika kuwaona watumwa wakiuzwa. Akajiuliza angeweza kuwaambia nini wenye biashara hiyo, hali kwao Marekani watumwa walikuwa mamilioni. Swali hilo lilikuwa la kweli kuliko alivyolisema, kwa kuwa pamba ya merekani ililimwa na watumwa hao hao wa Marekani ya kusini. Lakini swali lilibaki katika kitabu cha siku, na barua za biashara ziliendelea na bei. Hapo ndipo twapata fundisho letu la kwanza: mtu aweza kuwa na moyo mwema katika daftari moja, na katika daftari la pili moyo huo usionekane hata mstari mmoja.

Mke aliyeomba akumbukwe

Hata hivyo tusidhani kwamba kila barua ya zamani huko Marekani iliandikwa hivyo. Katika Massachusetts hiyo hiyo, si mbali na Salem, aliishi mke mmoja jina lake Abigail Adams. Mume wake, John Adams, alikuwa mmoja wa wakubwa walioiongoza nchi hiyo ilipojitoa katika utawala wa Uingereza, naye akawa rais wa pili tangu 1797 mpaka 1801. Kwa ajili ya kazi hiyo alikaa miaka mingi mbali na nyumba yake, kwanza Philadelphia, kisha Ulaya. Barua zao zilizobaki ni zaidi ya 1,100.

Ndizo barua za namna tunayoisema. Abigail ndiye aliyetunza shamba lao la Braintree, akatafuta vibarua, akalipa kodi, akasomesha watoto. Mume alipokuwa Ulaya, mke alimwagiza amletee vitambaa, leso na pini, akaviuza na kupata fedha ya nyumba. Kwa hiyo utaona katika barua moja habari za mtoto mgonjwa, bei ya vitu, habari za vita, na mapenzi ya mke kwa mume wake.

Tarehe 31 Machi 1776 mke huyo aliandika neno ambalo limekumbukwa mpaka leo. Alimwambia mume wake kwamba, wakiwa wanatunga sheria mpya za nchi, wawakumbuke wanawake, wasiwape waume nguvu isiyo na mpaka. John alijibu kwa mzaha, kana kwamba ni neno la kuchekesha. Sheria haikubadilika, mke aliyeolewa aliendelea kuhesabiwa kuwa hana mali yake mwenyewe.

Je, Abigail alinyamaza? Mwaka 1816, alipokuwa mzee, alichukua karatasi akaandika wosia, ingawa sheria haikumpa haki hiyo. Akawagawia wanawake wa jamaa yake, wajukuu na watoto wa ndugu, hata na wanawake waliomtumikia nyumbani. Alikufa 1818. Mume wake angeweza kuikataa karatasi ile, lakini alikubali itimizwe. Yule aliyeomba akumbukwe aliwakumbuka wengine, hata watumishi.

Barua za waungwana

Labda msomaji atasema: "Hayo ni ya Wazungu. Sisi je?" Sisi nasi tunazo. Watu wa pwani waliandikiana kwa Kiswahili katika harufi za Kiarabu tangu zamani. Barua kutoka Kilwa za mwanzoni mwa karne ya 18 zimehifadhiwa Goa, Uhindini, mpaka leo. Mwaka 1892 Carl Büttner, aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin, alichapa kitabu kizima cha maandiko ya Kiswahili ya harufi hizo, na barua zimo. Adabu yao yapendeza. Mwandishi huanza kwa kumheshimu anayeandikiwa, humwambia hali yake, humwuliza hali yake naye, ndipo huingia katika maneno yake kwa kusema, "ama baada ya salamu". Mwishoni husalimu watu wa nyumbani. Hata sisi tulipofundishwa kuandika barua katika seminari ndogo, mwalimu wetu alitupa utaratibu usiotofautiana sana na huo.

Barua hizo zilikwenda bara pamoja na misafara. Mto Lowa, unaopita Walikale, humwaga maji yake katika Lualaba. Na nchi ya Lualaba ndiyo waliyoishika wafanya biashara wa pwani. Mkubwa wao, Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alifunga safari 1870 wala hakurudi Unguja mpaka 1882. Alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, naye Heinrich Brode akayachapa mwaka 1902 na 1903. Katika kitabu hicho nyumba na mali hufuatana kama katika barua zile za Salem: baba yake aliyekaa Tabora, ndugu yake Muhammed bin Masudi, na Taria Topan, Mhindi tajiri wa Unguja aliyemkopesha mali. Jamaa wana majina, wadai wana majina, watemi wana majina. Pembe zina hesabu ya frasila. Lakini watu walioteketezewa vijiji, na watumwa, na wapagazi walioanguka njiani, wengi wao hawana jina lolote katika maandishi ya mtu yeyote.

Kiswahili chetu kilitufikia kwa njia zizo hizo. Twasali kwacho, twaimba kwacho, nacho kwanza kilikuja huku pamoja na msafara wa pembe. Hatuna haja ya kukionea haya. Lakini yatupasa kukitumia vizuri zaidi ya wale waliokileta.

Barua yenye jina la mtumwa

Katika Maandiko Matakatifu iko barua moja fupi, yenye aya 25 tu, nayo ni barua ya jamaa na ya mali pamoja. Ni ile ya Mtakatifu Paulo kwa Filemoni. Filemoni alikuwa na mtumwa, Onesimo, aliyeondoka kwake. Paulo, akiwa kifungoni, anamrudisha pamoja na barua. Tazameni jinsi ilivyoandikwa. Inawasalimu watu wa nyumba. Inataja deni: Paulo ajiandika mwenyewe kuwa mdhamini, kwamba kama Onesimo amemkosea Filemoni au anadaiwa kitu, hesabu hiyo iwekwe juu yake Paulo. Mwishoni aomba hata chumba cha kulala atakapokuja. Ni mambo ya nyumbani kabisa.

Lakini katikati ya hesabu hiyo limeandikwa jina la mtumwa, naye anaitwa mwana, kisha ndugu. Machoni pa sheria ya wakati ule Onesimo alikuwa mali. Barua ilimtoa katika orodha ya mali, ikamweka katika orodha ya jamaa. Hiyo ndiyo kazi kubwa ambayo karatasi moja yaweza kuifanya.

"Na mimi ameniandika wapi?"

Sasa tuje kwetu. Miaka si mingi iliyopita mama mmoja mjane wa parokia yetu alituletea barua kutoka kwa mwana wake wa kwanza, anayekaa mjini, mbali. Ilikuwa imekaa njiani majuma matatu. Tukamsomea. Ilianza vizuri: "Mama mpenzi, salamu nyingi, mimi ni mzima." Ikasalimu wajomba na shangazi. Kisha ikaingia katika jambo lake: shamba la bondeni liuzwe, mnunuzi amekwisha kupatikana, fedha akabidhiwe mtu fulani azipeleke mjini, yeye ataka kununua pikipiki ya kazi. Ikamaliza kwa kumwomba mama amkumbuke katika sala.

Mama akanyamaza. Kisha akasema: "Mwalimu, soma tena." Tukasoma tena, pole pole. Hatukuongeza neno wala hatukupunguza, maana anayesomea wengine barua ameazimwa macho tu. Hakupewa barua iwe yake. Tulipomaliza akauliza: "Na mimi ameniandika wapi?"

Tukamwonyesha kwa kidole mahali palipoandikwa "Mama mpenzi". Akatikisa kichwa. "Hapo ni kwenye salamu," akasema. "Nauliza kwenye shamba. Kwenye shamba ameniandika wapi?"

Ndugu wasomaji, tumesoma vitabu kadhaa seminari, lakini swali kali kama hilo juu ya barua hatujalipata kitabuni. Kweli, hakuandikwa. Shamba lilitajwa, bei ilitajwa, mnunuzi na mpeleka fedha walitajwa. Mwenye kulilima kila siku hakutajwa. Wahenga walisema: "Asiyekuwapo na lake halipo." Huyu alikuwapo, jembe mkononi, na bado lake halikuwapo.

Siku ya pili alirudi na karatasi aliyoinunua mwenyewe. Wazee wawili wa shirika walikuwa nasi. Mmoja alitaka tumwandikie kijana maneno makali, na kumtisha kwa laana. Mama akakataa. "Yeye ni mwanangu. Mwalimu, andika majina tu. Usiruke hata moja." Akaanza kuyasema: jina lake mwenyewe, jina la binti yake aliyerudi nyumbani na watoto wawili, na majina ya watoto hao, jina la kitinda mimba aliye shuleni, ambaye maharagwe ya shamba lile ndiyo humlipia masomo, na mwishoni jina la marehemu mume wake, kwa kuwa kaburi lake liko kando ya shamba lilo hilo. Kisha akasema: "Andika: watu hawa wote wamo katika shamba. Ukiliuza, niambie ni nani kati yao unayemtoa kwanza. Kama wataka pikipiki, uko mtamba mmoja wa ng'ombe, njoo tuongee." Tukaandika. Akatia alama ya kidole, na wale wazee wawili wakatia sahihi.

Mnunuzi alikuja mara mbili, akarudi mikono mitupu. Jibu la kijana lilikawia zaidi ya miezi miwili. Shamba hakulitaja tena, wala hakuomba radhi. Aliuliza kitinda mimba yuko darasa la ngapi, na karo yake ni kiasi gani. Pikipiki hajaipata bado. Mama angali analima bondeni. Hatusemi kwamba mambo yote yamekwisha, maana mioyo ya jamaa haitengenezwi kwa barua moja. Twasema tu kwamba watu waliokuwa nje ya karatasi waliingia ndani yake, na walipoingia, shamba halikuuzwa.

Namna ya kuandika

Kwa hiyo twawashauri wakristu wenzetu, hasa vijana walio mbali kwa kazi, katika machimbo, mijini au katika nchi nyingine. Wahenga walisema vilevile: "Mali bila daftari hupotea bila habari." Andikeni basi. Lakini msiandike mali peke yake.

Ukiandika habari ya shamba, andika mipaka yake, na pia ni nani anayelilima na ni nani anayekula humo. Ukiandika habari ya ng'ombe, andika ni ya mahari ya nani, na ni nani aliyeichunga. Ukituma fedha, sema ni kiasi gani, imepitia kwa nani, na kila mmoja wa nyumbani apewe sehemu gani, hata bibi asiyeweza tena kufanya kazi. Tia tarehe na majina ya mashahidi. Na wewe baba uliye mzima, usingoje ugonjwa. Sheria ya Jamaa ya Kongo ya 1987, iliyorekebishwa 2016, humpa mjane haki ya kukaa katika nyumba na kutumia sehemu ya mashamba. Lakini haki isiyojulikana na mashahidi husumbuliwa sana. Karatasi ya baba yenye jina la mama hufupisha mashauri mengi. Katika miaka hii ambapo watu wa Masisi wengi wamehama mara kwa mara wakikimbia vita, na wengine wamerudi na kukuta wageni mashambani mwao, twaona jinsi karatasi ndogo iliyofungwa vizuri katika mfuko wa nailoni ilivyo na thamani.

Na wewe unayewasomea wengine barua, uwe katekista, mwalimu au mwanafunzi, ushike uaminifu. Yaliyoandikwa, yasome. Usiyapambe, usiyafiche, usiyatangaze barabarani. Na ukiombwa kuandika, mwulize mwenye barua kabla hajafunga maneno yake: je, kuna mtu wa nyumba hii tuliyemsahau?

Swali hilo ni fupi, na wino wake ni haba. Tajiri wa Salem angaliuliza hivyo juu ya kila pembe aliyoipokea, labda biashara ingalikuwa nyingine. Sisi hatuna merikebu wala pembe. Tunalo shamba la bondeni, mtamba mmoja, na karatasi nyeupe. Kabla ya kufunga bahasha, turudie kuisoma mara moja, na tuhesabu watu kwanza, kisha mali.